Safari ya kikundi Berlin: nifuate ratiba ya chuo au nijitenge nikamwone mjusi wa Tendaguru?

Binti wa Mtama

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu salaam.

Muhula huu ninasoma Leipzig kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na ofisi inayotusimamia sisi wageni imetuandalia safari ya pamoja ya Berlin mwishoni mwa Novemba, tukiondoka Ijumaa asubuhi kwa treni na kurejea Jumapili jioni. Tutakuwa kundi la watu wa kila pembe: Wakorea, Wahispania, Wabrazili, Wajojia, na Mwafrika mwenzangu mmoja kutoka Senegali. Ratiba tumekwisha kupewa. Ijumaa ni Lango la Brandenburg na kuba la jengo la Bunge. Jumamosi asubuhi ni eneo la kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin lililoko Bernauer Straße, na baada ya chakula cha mchana tumeachiwa muda wetu wenyewe. Jumapili ni Kisiwa cha Makumbusho, kisha ule ukuta wenye michoro wa East Side Gallery, na safari inaishia hapo.

Mimi ni mtu wa Lindi, na kwetu habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kwetu na kupelekwa Ujerumani, mtu huzisikia tangu utotoni. Sasa Ujerumani nimefika, Berlin nitalala, na katika ratiba nzima jumba la makumbusho alimo mjusi huyo halitajwi. Wenzangu wengi wameshaafikiana kwamba mchana wa Jumamosi waende kwenye magulio ya Krismasi ya Alexanderplatz, na mratibu wetu, ambaye ni mama mwema lakini mkali wa saa, amesisitiza kwamba hapendi watu watawanyike ovyo katika mji wasioujua.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, nijitenge peke yangu mchana huo, au nimwombe mratibu aliingize jumba hilo katika ratiba ya wote? Saa za mchana za Novemba zinatosha? Na je, kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki ambalo mtu mwenye nusu siku tu asilipite?

Mkazi wa Wedding

Marahaba, mwanangu, na karibu Ujerumani, ingawa umekuja msimu wa giza.

Huna haja ya kuchagua kati ya kundi na mjusi, kwa sababu waliopanga ratiba yenu wamekupeleka karibu na mlango wake bila kujua. Fungua ramani utazame. Eneo la kumbukumbu la Bernauer Straße linaanzia jirani na kituo cha Nordbahnhof, nacho Nordbahnhof kiko kando ya barabara iitwayo Invalidenstraße. Ukiifuata barabara hiyo kwa miguu kuelekea magharibi, utafika namba 43 kwa muda wa kama robo saa, na hapo ndipo penye jumba unalolitafuta. Asiyetaka kutembea kwenye baridi atapanda tramu ya M10, ambayo inapita Bernauer Straße kwenyewe na kusimama Naturkundemuseum, kituo chenye jina la jumba.

Kuhusu saa, jumba hufungwa Jumatatu, lakini Jumamosi liko wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mwishoni mwa Novemba jua la Berlin huzama karibu saa kumi, na hilo linakufaa. Ukuta uko nje, kwa hiyo ni wa asubuhi kukiwa na mwanga. Jumba liko ndani, kwa hiyo ni la mchana. Na magulio ya Krismasi hupendeza taa zikishawashwa gizani. Anayekwenda kwenye gulio saa nane mchana ataona vibanda vya mbao na foleni ya soseji tu. Mkiingia jumbani saa saba na kutoka saa tisa na nusu, mtafika Alexanderplatz wakati wenyewe, na hakuna atakayesema umemharibia mchana wake.

Sasa namna ya kumwomba mratibu. Usimwendee siku ya safari ukiwa tayari umevaa koti. Mwandikie mapema barua fupi yenye mambo anayoyahitaji: nani wanakwenda, wapi, kwa tramu gani, watarudi saa ngapi, namba ya simu ya mmoja wao, na mahali pa kukutana tena. Pa kukutania Alexanderplatz pendekeza pale kwenye Saa ya Dunia, ile iliyosimamishwa mwaka 1969, kwa kuwa kila mtu huiona na hakuna anayeweza kudai kwamba alipotea. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba mpango ulioandikwa huwalainisha kuliko maombi ya mdomo yenye machozi.

Mengine ni madogo lakini yana gharama. Vituo vya treni za mjini havina milango ya kukagua tiketi, na mgeni hudhani kwamba safari ni ya bure. Wakaguzi huingia wakiwa wamevaa kiraia, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kile kisanduku cha kituoni kabla ya kupanda. Ikiwa chuo chenu kimewapa tiketi ya muhula inayotumika nchi nzima, itawatosha mjini na kwenye treni za mikoa, ila si kwenye treni za mwendo kasi za ICE. Kwa ajili ya kuba la Bunge usiache pasipoti chumbani: kuingia ni bure, lakini majina na tarehe za kuzaliwa hupelekwa kabla, na mlangoni jina lako hulinganishwa na kitambulisho.

Mjiolojia wa Pwani

Mdogo wangu, kwa kuwa njia umekwisha kuonyeshwa, mimi nataka uingie ukijua unachokitazama, maana wengi hupiga picha moja ya shingo na kuondoka.

Mjusi wako yuko katika ukumbi mkubwa ulio mbele kabisa, chini ya paa la kioo. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa mahali popote duniani kilicho kirefu kuliko hicho. Usianze na kichwa. Simama kwanza kwenye miguu ya mbele, uilinganishe na ya nyuma: ya mbele ni mirefu zaidi, mgongo unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga, na ndiyo maana jina lake la kitaalamu la sasa ni Giraffatitan brancai, ingawa vitabu vya zamani humwita Brachiosaurus. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kiunzi chenyewe kimeunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na sehemu zilizokosekana zimetengenezwa. Fuvu unaloliona kule juu ni la kuigizwa, kwa sababu la asili ni zito mno. Hilo la asili limewekwa chini, ambapo unaweza kulitazama uso kwa uso, na kwangu mimi hapo ndipo penye thamani ya kiingilio chote. Kilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937. Kilipofumuliwa na kuundwa upya mwaka 2007, miguu iliwekwa wima na mkia ukainuliwa kutoka ardhini, kwa sababu elimu ya namna wanyama hawa walivyotembea ilikuwa imebadilika.

Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kutoka Lindi mjini, kaskazini magharibi. Mhandisi mmoja Mjerumani aliiona mifupa mwaka 1906, na msafara wa kuchimba kutoka Berlin ulifanya kazi kuanzia 1909 hadi 1913. Zingatia miaka hiyo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907, kusini yote ilikuwa imechomewa mashamba na maghala, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Vibarua walioajiriwa kilimani, ambao kuna wakati walikaribia mia tano, walikuwa watu waliotoka katika hali hiyo. Mifupa ilifungwa vizuri isivunjike, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, na jumla ya shehena iliyofika Ujerumani ilizidi tani 200. Hakukuwa na gari, wala hakukuwa na punda, kwa sababu ya ndorobo, wale mbung'o wanaoua mifugo. Unapoutazama mfupa wa paja ulio mrefu kuliko wewe, jiulize ulibebwaje.

Jina la kulikumbuka ni Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi wao mkuu wa kusafisha mifupa, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Imechukua karibu karne nzima, lakini imefanyika. Katika ukumbi huohuo mtazame pia Kentrosaurus, mdogo mwenye mabamba na miiba mgongoni; naye ni wa Lindi, na watu humpita kama mbuzi wa jirani.

Suala la kurudishwa limeulizwa Bungeni kwetu kwa vipindi tofauti, na wenzako huenda wakakuuliza msimamo wako. Wangu ni kwamba mifupa hii ilitoka kwa amri ya serikali ya kikoloni, kwa hiyo hoja ya kwamba ilichukuliwa kihalali hainishawishi hata kidogo; lakini kumrudisha kiumbe wa ukubwa huo kabla ya Lindi kuwa na jengo, wahifadhi na bajeti ya kila mwaka kungekuwa ni kumhamisha tu kutoka ukumbini kwenda ghalani. Wapo wanaonipinga, na wana haki yao.

Aliyepita Göttingen

Dada, nakubaliana na ramani ya mzee, ila nakuomba usiipitie Bernauer Straße mbiombio kwa kuwa moyo wako umeshatangulia Tendaguru. Mimi nilikwenda Berlin na kundi kama lako nikiwa na mawazo kwamba Ukuta ni habari ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, na pale ndipo mahali pekee katika safari ile ambapo kundi zima lilinyamaza.

Mpaka kati ya Berlin Mashariki na Berlin Magharibi ulifungwa tarehe 13 Agosti 1961. Katika mtaa ule nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya milango yao ilikuwa Magharibi, hivyo mtu aliyeruka dirishani kwake alikuwa amehamia nchi nyingine. Milango ikazibwa, kisha madirisha ya ghorofa za chini, na watu wakaendelea kuruka kutoka ghorofa za juu. Ida Siekmann alirusha magodoro na vitu vyake barabarani tarehe 22 Agosti 1961, akaruka kutoka ghorofa ya tatu, akafa; anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kupoteza maisha kwenye Ukuta. Picha yake imo pamoja na za wengine katika ukuta wa kumbukumbu ulioko uwanjani. Panda kwenye jukwaa la jengo la maelezo lililoko ng'ambo ya barabara, hulipi chochote, na kutoka juu utaona kipande kilichobaki kamili: ukuta wa mbele, ukanda wa mchanga, mnara wa walinzi, ukuta wa nyuma. Ukiwa chini huelewi kwamba Ukuta haukuwa ukuta mmoja. Kanisa lililokuwa limenaswa katikati ya ukanda huo lililipuliwa na serikali ya Mashariki mwaka 1985, na mahali pake sasa pana kikanisa cha udongo ulioshindiliwa, ambao ndani yake wamechanganya vifusi vya kanisa la zamani. Kwa mtu aliyezaliwa mahali penye nyumba za udongo, hicho ni kitu cha kukigusa kwa mkono.

Na hapo ndipo ninaposema usijitenge. Una Wakorea katika kundi lako. Watu hao wametoka katika nchi ambayo mpaka wake bado umefungwa, na wapo wenye babu na bibi walioacha ndugu upande wa pili. Simama karibu nao pale. Mimi nilijifunza zaidi kutoka kwa Mkorea mmoja aliyekuwa akisoma maelezo polepole kuliko kutoka kwa kiongozi wa msafara aliyelipwa.

Jambo la mwisho, ambalo wakubwa hawakuligusa. Mkifika kwa mjusi, kuna uwezekano mkubwa wa watu wote kukugeukia wewe uwaeleze ukoloni, kana kwamba umekuja na jalada. Sema unalolijua, na usilolijua liache. Hukutumwa kuwa wakili wa bara, na hulazimiki kuona uchungu kwa ratiba ya watu wengine. Nilimwona mwenzetu mmoja akihojiwa hivyo hadi akakosa muda wa kutazama alichokuja kukitazama.

Pia weka sarafu za senti hamsini na euro moja mfukoni, kwa sababu vyoo vya vituoni hulipiwa, na nunua chakula chako cha njiani Jumamosi, maana Jumapili maduka karibu yote yamefungwa.

Bibi wa Neukölln

Mjukuu wangu, umeuliza kama kuna jingine linalotuhusu. Lipo, tena liko kwenye njia hiyohiyo mliyoelekezwa, ila upande wake wa mashariki.

Mkitoka jumbani, pandeni tramu kurudi nyuma kwa Invalidenstraße mpaka inapokutana na Brunnenstraße, kisha mshuke kwa miguu kuelekea Rosenthaler Platz hadi namba 193. Mbele ya nyumba hiyo, katikati ya mawe ya njia, kuna kibati cha shaba nyeupe iliyokoza manjano, cha sentimita kumi kwa kumi, ambacho mtu asiyekitafuta hukikanyaga. Kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, na Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta mtoto, naye akaingizwa jeshini. Mwaka 1929 alikuja Berlin na kudai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki hapa, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza nafasi ndogondogo katika filamu, na akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, akiwafundisha maofisa waliotaraji kurudi kututawala. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mtakuwa mjini siku chache tu kabla au baada ya tarehe hiyo. Sachsenhausen kwenyewe ni Oranienburg, mwisho wa treni ya S1, lakini usijaribu kupachika mahali pale katika mchana uliobaki. Panahitaji siku yake.

Kukisoma kibati hicho ni suala la dakika tano, kisha Rosenthaler Platz mtapanda U8, na kituo cha pili ni Alexanderplatz. Mratibu wenu hatakuwa na la kulalamikia.

Ukipata nafasi ya kurudi Berlin bila kundi, njoo Neukölln karibu na Hermannplatz nikuonyeshe mtaa wa Lucy Lameck. Hadi mwaka 2021 uliitwa kwa jina la Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa Abushiri katika pwani yetu. Leo una jina la mama wa Moshi aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika madaraka katika serikali ya Tanganyika huru. Huko kwa mzee wa Wedding nako, tangu 2024, sehemu ya barabara iliyoitwa kwa jina la Carl Peters, yule mwasisi wa koloni la Wajerumani kwetu, ni Maji-Maji-Allee. Mwaka 1986 halmashauri ilikuwa imejaribu kuzima kelele kwa kutangaza kwamba jina hilo sasa lamhusu Peters mwingine, mwanasheria, na vibao havikubadilika hata herufi moja. Watu walilicheka jambo hilo kwa karibu miaka arobaini.

Binti wa Mtama

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimemwandikia mratibu kama nilivyoelekezwa, nikaambatanisha njia yenyewe kuanzia Nordbahnhof hadi Saa ya Dunia pamoja na nyakati, naye amejibu siku hiyohiyo kwamba jumba litaingizwa kama chaguo kwa wanaopenda, na kwamba yeye mwenyewe atafuatana nasi kwa sababu hakuwahi kusikia habari za Husen. Msenegali na Wakorea wote wamejiandikisha. Wahispania bado wako upande wa soseji. Ameniomba nizungumze kidogo mbele ya kiunzi, na nimekubali kwa sharti kwamba nitazungumza juu ya Boheti bin Amrani na wabebaji tu, halafu nitaachwa nitazame kwa utulivu.

Swali la mwisho: tutakuwa na makoti mazito na mifuko ya mgongoni. Inaruhusiwa kuingia navyo ukumbini?

Mkazi wa Wedding

Mifuko ya mgongoni iacheni mahali pa kuhifadhia mizigo, pamoja na makoti, na mbaki na simu, kitambulisho cha mwanafunzi kwa ajili ya punguzo la kiingilio, na sweta. Ukumbi una joto, lakini mkitoka saa tisa na nusu mtakuta baridi imeongezeka na jua linakaribia kuzama, kwa hiyo glavu msizisahau kule mlikoacha makoti. Tena tiketi za jumba afadhali mzinunue mapema kwa intaneti, kwa sababu Jumamosi ni siku ya familia na foleni ya watoto hufika nje.

Na mwambie Mhispania yeyote atakayebadili mawazo kwamba soseji zipo hadi usiku.